Kwa nini biti yangu ya funk haichezeki?

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Napiga kinanda kanisani hapa Morogoro na nina studio ndogo nyumbani. Nimepata mteja anayetaka wimbo wa kuchangamka wa aina ya "Uptown Funk". Nimeweka spidi ileile, besi ya kuchapa, gitaa, tarumbeta, na kodi za meja ili wimbo uwe na furaha. Chombo kimojakimoja kinasikika vizuri, lakini vikiungana jamaa zangu wanasema ni kama tangazo la sabuni. Nimekutumia faili. Tatizo ni vyombo, ni miksi, au ni mkono wangu?

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Biti yako nimeisikiliza kwa hedifoni, halafu nikairudia kwa spika ya simu, maana huko ndiko watu wengi watakakoisikia. Vyombo havina neno. Miksi inarekebishika jioni moja. Kinachoiua ni kwamba ndani yake hakuna anayenyamaza. Kinanda kimeshikilia kodi (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) tangu baa, yaani kipimo cha mapigo manne, ya kwanza hadi ya mwisho, besi inatembea huku na huko, gitaa linachapa bila kupumua, na tarumbeta zinajibu hata pale ambapo hazijaitwa. Jamaa zako hawakukosea kulitaja tangazo la sabuni: kwenye tangazo kila kitu kinatabasamu kwa wakati mmoja.

Mkono wako ni wa kanisani, na hilo nalisema kwa heshima. Kanisani mpiga kinanda anasifiwa kwa kujaza. Kwaya ikivuta pumzi, yeye anapitisha vidole. Mchungaji akishusha sauti, yeye anamtandikia kodi laini. Ukitoka hapo ukaenda kwenye dansi, malezi ni yaleyale: kwenye sebene, gitaa la solo, second solo, ridhim na besi zinasukana mpaka hakuna upenyo, na utamu uko humohumo. Funk inapita njia nyingine. Raha yake inatokana na kunyimana. Kila mpigaji ana neno moja la kusema kwenye baa, analisema mahali pake, kisha anamwachia mwenzake.

Aliyeweka msingi huo ni James Brown, mwimbaji wa Marekani. Kati ya mwaka 1965, alipotoa "Papa's Got a Brand New Bag", na 1967, alipotoa "Cold Sweat", alihamisha uzito wa muziki wa Wamarekani weusi. Zamani uzito ulikaa kwenye pigo la pili na la nne, pale watu wanapopiga makofi. Brown akawadai wanamuziki wake pigo la kwanza. Makofi yakabaki palepale, ila bendi nzima ikawa inatua pamoja kwenye "moja", halafu inatawanyika. Bootsy Collins, aliyeingia kwenye bendi hiyo mwaka 1970 akiwa na miaka 18 na besi yenye maneno mengi, amesimulia mara nyingi jinsi mzee alivyomfunza: nipe moja yangu kwanza, baada ya hapo fanya utakalo. Gitaa likawa ngoma. Tarumbeta zikawa ngoma. Hata mayowe ya Brown mwenyewe, ukiyasikiliza vizuri, mengi yake ni ngoma. (Wakongo walimwona kwa macho yao Kinshasa, Septemba 1974, kwenye tamasha lililopangwa kuambatana na pambano la ndondi la Ali na Foreman. Franco na Tabu Ley nao walipanda jukwaa hilohilo. Kama kungekuwa na nauli ya kurudi nyuma, mimi ningeilipa.)

Sasa tuje kwenye wimbo aliokutajia mteja. "Uptown Funk" ni wa Mark Ronson akimshirikisha Bruno Mars. Ulitoka Novemba 2014 na ukakaa namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100 kwa wiki 14. Ulianza kwa watu kupigapiga tu studio: Mars kwenye dramu, Jeff Bhasker kwenye sinthi (kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti), Ronson kwenye besi. Kwangu hilo linaeleza mengi, kwa sababu mdundo ulizaliwa na watu waliokuwa wakitazamana. Kilichofuata hakikuwa lelemama. Gitaa la wimbo huo lilimsumbua Ronson kiasi kwamba siku moja, katikati ya kazi hiyo, alizimia mgahawani wakati wa chakula cha mchana. Prodyuza mwenye tuzo za Grammy anaanguka kwa ajili ya gitaa ambalo msikilizaji wa kawaida hata halitambui! Likumbuke hilo ukiona nakusumbua na milisekunde huko mbele.

Sikiliza mwanzo wake tena, sekunde 15 tu. Kuna sauti za kiume zinazoigiza besi kwa mdomo, mdundo mwembamba, kisha gitaa linaingia kwa vipande vidogo. Basi. Huu ndio wimbo uliojaza kumbi za harusi kutoka Marekani hadi Dar es Salaam, na mwanzo wake una nafasi kuliko vitu. Biti yako, katika sekunde hizohizo, ina tabaka tisa. Nimezihesabu.

Umeniandikia kwamba umeweka kodi za meja ili wimbo uwe na furaha. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha swali lako. "Uptown Funk" uko kwenye D maina. Kodi ni mbili, Dm7 na G7, zinapokezana karibu wimbo mzima. Nenda kwenye kinanda chako sasa hivi. Mkono wa kulia shika D, F, A, C. Kisha nenda G7 kwa kusogeza vidole viwili tu: A ishuke hadi G, na C ishuke nusu toni hadi B. D na F zisitikisike. Rudi. Nenda tena. Isikilize ile C inavyoteleza kwenda B. Uchangamfu wote wa wimbo umejificha kwenye nusu toni hiyo. Ingekuwa B flati, kama maina ya huzuni inavyotaka, wimbo ungeinamisha kichwa. Kwa kuwa ni B kamili, unainua kidevu. Angalia pia kwamba hujagusa ufunguo mweusi hata mmoja. Ni ngazi ileile ya C meja uliyoizoea, ila makao yamehamia D. Kwa lugha ya solfa ya kwaya, umeimba re mi fa so la ti do re, ukaifanya re kuwa mwenye nyumba.

Halafu kuna jambo ambalo mpiga kinanda wa kanisani atalihisi kuliko mtu mwingine yeyote. Wewe umezoea kodi ya tano irudi kwenye ya kwanza, na amina isikike. Hapa G7 inaahidi C, kama ambavyo G7 imekuwa ikiahidi tangu vitabu vya tenzi vianze kuchapwa, lakini C haiji. Inarudi D maina, inaahidi tena, hailipi tena. Mwili unabaki umesubiri, na mwili unaosubiri ndio unaocheza. Biti yako ina C, A maina, F, G: kila baada ya baa nne imefika nyumbani. Mchezaji naye amefika, amekaa, ameagiza soda.

Kwa hiyo furaha ya funk si ile ya kwaya ya Pasaka. Ni maringo. Mwimbaji anajisifu nguo zake, viatu vyake, jinsi mtaa unavyomtazama, na anafanya hivyo kwa uso mkavu unaojua kabisa kwamba ni utani. Kwenye video ya wimbo huo wanaume wazima wamekaa saluni na roli kichwani, wala hawacheki. Spidi nayo inatumikia maringo hayo. Wimbo una mapigo 115 kwa dakika, chini ya muziki wa klabu, ambao mara nyingi unaanzia 120 kwenda juu. Ni mwendo wa mtu anayejua anatazamwa, na anayeringa hakimbii. Spidi umeipata sawa. Ila mwimbaji wako wa majaribio anaimba kama anashukuru. Mwambie ajigambe.

Tuingie kwenye dramu, nimelifungua faili lako. Hai-hati (zile sahani mbili za shaba zinazokutana) zote 16 za kila baa zina nguvu 100. Snea (ngoma kali ya mkono) 100, kiki (ngoma nene ya mguu) 100. Programu yako inahesabu nguvu ya pigo hadi 127, wewe umetumia namba moja tu. Katika funk kila pigo lina cheo chake. Kiki ya "moja" ipe 120 na isilingane na kiki nyingine yoyote kwenye baa. Snea ya pili na ya nne iwe juu pia, na makofi juu yake. Kati ya hizo weka snea za kunong'ona, nguvu 20 hadi 35, mbili au tatu kwa baa, ambazo msikilizaji hatazitaja lakini ukizitoa ataona wimbo umekufa. Mwalimu wa kazi hiyo ni Clyde Stubblefield, mpiga dramu wa Brown. Isikilize "Funky Drummer" ya mwaka 1970, pale bendi inaponyamaza akabaki peke yake kwa baa chache. Mapigo yale yamekatwa na kupachikwa kwenye nyimbo za rap zisizo na idadi, na karibu siri yote iko kwenye mkono wa kushoto unaonong'ona.

Kuna watakaokushauri uzime kwantaizi, ile inayonyoosha kila pigo kwenye mstari, ili biti iwe ya kibinadamu. Usiwasikilize haraka. Kwa spidi ya 115, pigo moja lina milisekunde 522 hivi, na robo yake, ile hatua ndogo ambayo gitaa na hai-hati zinaihesabu, ina 130. Ndani ya hizo 130, ukichelewesha kitu kwa 40 si utu tena, ni ulevi. Funk inabana. Kiki na snea ziache kwenye mstari. Kinachoruhusiwa kulegea ni hai-hati za katikati, zichelewe milisekunde nane au kumi, na makofi, ambayo ni heri yakipigwa na watu watatu tofauti mbele ya maikrofoni moja kuliko yakitoka kwenye sampuli, yaani sauti iliyorekodiwa tayari.

Besi ya kuchapa umeimwaga mno. Aliyeianzisha, Larry Graham wa bendi ya Sly and the Family Stone, ameeleza ilikotoka: alikuwa akipiga na mama yake mzazi bila mpiga dramu, akaanza kuchapa nyuzi kwa kidole gumba mahali pa kiki na kuzinyofoa mahali pa snea. Yaani ni besi iliyojitwika kazi ya ngoma kwa kukosa ngoma. Wewe ngoma unayo. Kwa hiyo besi ichape "moja", kisha nota fupi mbili au tatu kuelekea baa inayofuata, na mnyofoo mmoja kama una lazima. Na angalia nota inakoishia kuliko inakoanzia. Nota zako zote zinaunguruma mpaka zinagusana. Zikate. Ukimya kati ya nota ya besi na snea ndio unaofanya kiuno kijue la kufanya. Chini yake unaweza kuweka besi ya sinthi inayofuata nota zilezile, laini, bila mbwembwe. Huo ndio mchango wa miaka ya 1980, enzi za Prince na Zapp, na ndio unaofanya funk ya sasa iwe nzito kwenye spika kubwa bila kuongeza vitu.

Gitaa. Lupu (kipande kinachojirudia) uliyopakua ni nzuri ila inasema kila kitu. Jimmy Nolen, aliyempigia Brown, aliweka utaratibu ambao haujabadilika: mkono wa kulia unakwenda chini-juu chini-juu, mara 16 kwa baa, hausimami, mkono wa kushoto ndio unaoamua kipi kisikike, kwa kubana au kulegeza nyuzi. Kati ya mikwaruzo 16, nota halisi zinaweza kuwa tano. Zilizobaki ni kelele kavu kama ya kayamba. Nyuzi tatu nyembamba zinatosha, nyuzi nene usiziguse. Kama una kijana anayepiga ridhim kwenye bendi ya dansi hapo mjini, mlete. Mkono wa kulia anao tayari. Kazi yako itakuwa kumzuia asipande kwenda kwenye sebene baada ya dakika moja na nusu, na atajaribu, nakuhakikishia.

Kwenye tarumbeta nitakuwa mkali. Ulizoweka ni za kinanda, na sikio linazijua papo hapo. Ronson aliwatumia wapulizaji kutoka Dap-Kings na Antibalas, bendi za New York zilizokuwa zimeishi ndani ya muziki huu kwa miaka. Hao Dap-Kings ndio waliosikika pia kwenye "Back to Black" ya Amy Winehouse mwaka 2006. Wewe huna New York, lakini unaishi katika nchi ambayo harusi ya mjini ina matarumbeta nyuma ya gari, na makanisa ya Kilutheri yana bendi za kupuliza tangu babu zetu. Tafuta vijana wawili, tarumbeta moja na saksafoni moja. Waandikie vishindo vifupi tu, viwili kwa baa mbili, na kimoja kitue nusu pigo kabla ya "moja" ili kiisukume. Wakichelewa kidogo kukutana, usiwasahihishe sana. Rekodi mara mbili, weka moja kushoto na nyingine kulia.

Na waweke wapi? Hapo ndipo "Uptown Funk" ulipokuwa wa kisasa kwelikweli, kuliko kwenye sinthi yoyote. Muundo wake umeazima akili ya muziki wa klabu: mdundo unapanda, dramu zinabana, kila kitu kinakatika kwa nukta moja, halafu mahali ambapo wewe na mimi tungetegemea kibwagizo cha kuimbwa, waimbaji wanakaa pembeni na tarumbeta zinashika. Kishindo kikubwa kabisa cha wimbo ni cha bendi. Ndiyo maana ninakusihi utoe tarumbeta zote kwenye ubeti. Ukizisikia tangu mwanzo, zikija pale hazina habari mpya.

Rivabu (mwangwi wa ukumbi) zima karibu zote. Kinanda chako kinatoka na ukumbi mzima ndani yake, ni mazoea ya kanisani tena. Funk hurekodiwa kavu, kana kwamba bendi imesimama hatua mbili kutoka kwako. Ukiizima, kila kosa litaonekana, ndiyo, na kila ukimya utasikika pia.

Jambo moja la nje ya mdundo, kwa kuwa kuna pesa ya mteja hapa. Mwaka 2015 waandishi watano wa "Oops Upside Your Head" ya Gap Band, wimbo wa 1979, waliongezwa kwenye orodha ya waandishi wa "Uptown Funk", na kwa pamoja wakapewa asilimia 17. Mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama Marekani liliamua kwamba "Blurred Lines" ya Robin Thicke ilinakili wimbo wa Marvin Gaye, na wengi wetu tulishtuka kwa sababu kilichofanana zaidi ni mdundo na hali ya sherehe, kuliko melodia. Mteja akikuambia "nataka kama ule", chukua spidi, chukua ukavu, chukua nafasi. Usichukue besi ya mdomo ya mwanzoni wala mfuatano wa vishindo vya tarumbeta. Vikisikika, kila mtu atavijua.

Ningekuwa mimi, faili lile nisingelirekebisha. Ningefungua jipya, Dm7 na G7, 115, nikaanza na kiki, snea na besi peke yake kwa dakika nzima, bila kinanda kabisa. Nikishindwa kukaa kitini hapo, ndipo ningeleta gitaa. Kinanda kingekuja mwisho, mkono mmoja, kodi fupi mbili kwa baa, na labda kisingekuja. Najua inauma, ndicho chombo chako. Ukiwa tayari nitumie dakika ya kwanza tu, bila mwimbaji na bila mastaringi (ule usafishaji wa mwisho wa sauti), nisikie snea ilivyo.